Nta, Mafuta ya Alizeti na Kikohozi cha Baba Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini sikukabidhiwa wodi wala leba. Nilikabidhiwa bomba la masikio. Nilikuwa nimetoka chuo na cheti changu cha nesi mkunga kikiwa bado kinanuka wino, gauni jeupe nimelipiga pasi mara mbili, na nimejiandaa kuokoa maisha ya watu kabla ya saa nne asubuhi. Kituo kilikuwa Tunduma, si mbali na mpaka. Jina lake sitalitaja, maana makosa nitakayosimulia ni yangu mimi Eda, si ya kituo.

Mganga Mfawidhi, yaani mkubwa wa kituo, alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alifungua kabati akatoa chombo cha chuma chenye pete mbili za kuingiza vidole na mdomo mrefu butu.

"Nesi, unakijua hiki?"

"Bomba la sindano, Mganga. Ila ni kubwa."

"Ni bomba la kusafishia masikio. Kuanzia leo ni lako. Ukilichezea utampa mtu uziwi. Ukiliheshimu, watu watakuombea mpaka uzeeni."

Nilivunjika moyo kabisa. Mwenzangu niliyeripoti naye alipelekwa kuzalisha, mimi nikapelekwa kwenye nta. Jioni nilimwandikia mama yangu barua nikamdanganya kwamba nipo chumba cha upasuaji.

Sasa ninyi vijana mnaoanza kazi hii, nisikilizeni, maana wengi mnaidharau nta kama nilivyoidharau mimi. Nta ya sikio si uchafu. Ni mafuta ambayo mwili unayatengeneza wenyewe ili kuzuia vumbi, maji na wadudu, na kwa watu wengi hutoka yenyewe polepole mtu anapotafuna na kuongea. Matatizo huanza pale binadamu anapoamua kuisaidia. Tunduma ya miaka ile biashara ilikuwa imeanza kufunguliwa, malori yanapanga foleni, vumbi halitui, na kwenye meza za wachuuzi vijiti vya pamba kutoka upande wa pili wa mpaka vilikuwa vimepangwa pamoja na sabuni na mafuta ya kujipaka. Kabla ya hapo watu walitumia unyoya wa kuku, njiti ya kiberiti, kibanio cha nywele, hata spoki ya baiskeli. Vyote kazi yake ni moja: vinaishindilia nta ndani. Nimewahi kutoa sikioni kichwa cha njiti ya kiberiti, na siku nyingine punje nzima ya mahindi ambayo mwenyewe hakuweza kunieleza ilifikaje huko.

Mfawidhi alinifundisha kazi kwa wiki nzima bila kuniruhusu kumgusa mtu. Kabla ya maji, alisema, uliza. Je, sikio limewahi kutoa usaha? Linauma? Aliwahi kuambiwa ngoma imetoboka? Ngoma ya sikio ni ngozi nyembamba iliyoko mwisho wa njia ya sikio, ndiyo inayopokea sauti. Mtu akijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, maji usiyaguse, mpeleke kwa daktari. Akijibu hapana, bado usikimbilie bomba. Mpe mafuta kwanza, matone mawili matatu asubuhi na jioni, siku nne au tano, ili nta ilainike, maana mara nyingine mafuta peke yake yanatosha na mtu anapona nyumbani kwake. Na siku ya maji, maji yawe na joto la mwili. Si ya baridi, si ya moto.

"Kwa nini, Mganga?"

"Siku utakayokosea utajua kwa nini."

Nilijua mwezi wa tatu. Alikuja dereva wa lori kutoka Zambia, mtu wa miraba minne, mcheshi, anaamkia kila mtu "mulishani, bamayo", yaani hujambo mama kwa Kibemba, kama anagombea uongozi. Sikio lake la kushoto lilikuwa limeziba, na mzigo wake ulikuwa umeshapata karatasi za kuvuka. Alinibembeleza nimsafishe palepale. Umeme ulikuwa umekatika, jiko halikuwa na mkaa, Mfawidhi alikuwa kwenye kikao, na mimi haraka nimezaliwa nayo. Nikachota maji ya bombani, asubuhi ile ya baridi ya Tunduma, nikayapiga ndani.

Jamani! Yule mtu macho yalianza kumcheza. Akakamata kitanda kwa mikono miwili, akapiga kelele, "Bamayo, kitanda kinakimbia! Kishike!" Kisha akatapika kwenye viatu vyangu vyeupe. Maji ya baridi yakiingia sikioni yanavuruga kiungo cha ndani kinachotusaidia kusimama wima, na dunia yote inazunguka. Mfawidhi alirudi akamkuta sakafuni. Hakunigombeza mbele ya mgonjwa. Alikaa chini kwenye yale matapishi, akamshika mkono mpaka dunia ikatulia.

Baadaye aliniita ofisini. "Nesi Eda, yule alikuja na sikio moja bovu. Wewe ukamwongezea na kichwa."

Adhabu yangu ilikuwa kwamba kwa mwezi mzima, kabla ya kumgusa mgonjwa yeyote, nichovye kiwiko kwenye maji mbele yake na nimwambie joto lake. Vidole vinazoea moto wa jikoni, alisema, kiwiko hakidanganyi. Nilichukia. Lakini mpaka leo hii hata maji ya kumwogeshea mjukuu nayapima kwa kiwiko.

Baada ya miaka mitatu nilihamishiwa zahanati ndogo upande wa Igamba, kwenye kahawa na migomba. Mfawidhi wa pale alikuwa Mganga Msaidizi wa Vijijini, cheo ambacho vijana wa leo hamkijui. Alikuwa mchangamfu, mwepesi, mtu wa kumaliza foleni kabla jua halijakolea. Kile kioo cha kuchungulia sikio tulichokuwa nacho Tunduma hakikuwepo. Tulikuwa na tochi ya betri mbili na macho yetu. Mtu mzima unalivuta sikio lake juu na nyuma, mtoto unalivuta chini na nyuma, njia inanyooka, unamulika.

Ilikuwa Jumanne, siku ya kliniki ya watoto. Nikaita jina la mtoto, "Tumaini!" Kimya. Nikaita tena. Mara ya tatu wanawake wakaanza kumtazama mama mmoja kijana aliyekaa mwisho wa benchi amenipa mgongo, binti yake wa miezi minane kambeba, anatazama migomba kana kwamba yupo peke yake duniani. Hasira zangu huwa haziko mbali. Nikamfuata, nikainama begani kwake nikasema kwa sauti ya wote kusikia, "Mama Tumaini, umejaza nta masikioni?"

Wanawake wakacheka. Yeye aligeuka, akanitazama mdomo, kisha machozi yakaanza kumtiririka. Nilidhani nimetukana, kumbe nilikuwa nimepima ugonjwa.

Nilimwingiza chumba cha sindano nikafunga mlango. Aliitwa Atupele, mke wa Ambwene, mkwe wa Mzee Swila. Mzee Swila nilimjua kwa sifa. Ukoo wake ulitoka Ileje kufuata ardhi ya kahawa, Mndali wa kushika mila sawasawa. Na kwa wazee wa namna ile, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Si ugomvi, ni heshima kubwa. Hawakai pamoja, hawapishani njiani. Baba mkwe akitaka kupita uani hukohoa akiwa bado mbali, na mkwe akisikia huacha alichoshika akajitenga nyuma ya nyumba au kwenye migomba mpaka mzee apite. Kikohozi ndiyo hodi yake.

"Dada nesi," Atupele aliniambia, "miezi miwili sasa sisikii kikohozi."

Mara ya kwanza walikutana uso kwa uso kwenye njia ya kisimani. Akachinjwa kuku wa kuondoa aibu. Mara ya pili ilikuwa mlangoni mwa jiko, akachinjwa kuku mwingine. Mara ya tatu mzee alikohoa kuanzia barabarani mpaka uani, koo likamkauka, naye Atupele akaendelea kupepeta maharage huku amemwelekea. Safari hiyo hakuna aliyetaja kuku. Walisema ni jeuri ya makusudi. Jumapili baada ya ibada wazee wangekaa, na kila mtu alijua kikao kile kilikuwa cha kumrudisha kwao Ileje. Tumaini angebaki kwa baba yake mara tu akiachishwa ziwa.

"Kwa nini hukuwaambia kwamba husikii?"

"Nilimwambia mama mkwe. Akasema nisafishe masikio."

"Ukafanyaje?"

"Nikasafisha. Kwa unyoya. Kila asubuhi."

"Kila asubuhi!"

"Na jioni," akasema kwa unyenyekevu, akidhani nitamsifu.

Nikamulika. Sikio la kulia lilikuwa jeusi tii, nta imeshindiliwa kama ugoro kwenye kopo. La kushoto hivyohivyo. Nikamuuliza yale maswali ya Tunduma kwa sauti ya juu: usaha hajawahi kutoa, maumivu hana, ngoma haijawahi kutoboka. Mlango ukafunguliwa, Mfawidhi akaingiza kichwa.

"Nesi, foleni imefika barabarani. Mpige maji aende."

Mkono wangu ulikuwa umeshaligusa bomba. Nawaambia ukweli, nilitaka sana. Msichana analia, mtoto anamtazama mama yake, na mimi ninayo dawa mkononi. Lakini nta ile ilikuwa kavu na ngumu. Ningepiga maji kwa nguvu ningeweza kumuumiza, na Jumapili angefika mbele ya wazee akiwa kiziwi kweli, sikio linavuja damu. Nikaona kitanda kinakimbia. Nikaliweka bomba chini.

"Mganga, huyu ni wa Jumamosi."

"Haya," akasema, "wewe na masikio yako."

Nilimpa Atupele chupa ndogo ya mafuta ya alizeti, yale mepesi ya kupikia. Nikamwelekeza alale ubavu, chupa aishike kiganjani mpaka ipate uvuguvugu wa mwili, adondoshe matone matatu, atulie kwa muda, kisha ageukie upande wa pili. Unyoya marufuku. Nikamwonya pia kwamba siku za mwanzo ataona usikivu umepungua zaidi, kwa sababu nta ikinyonya mafuta inavimba kabla ya kulegea. Hilo nililisema kwa sauti kubwa, lakini nilimwambia yeye peke yake, na hapo ndipo nilipokosea.

Alhamisi mama mkwe, Mama Ambwene, alikuja zahanati amejifunga kanga kiunoni, kazi moja.

"Shikamoo, mama," nikamwahi.

"Marahaba. Nesi, umemmalizia. Mwanzo alikuwa hamsikii mzee, sasa hata mimi hanisikii! Namwita niko hapa, yeye yuko hapo, kimya!"

"Mama, ni mafuta. Nta imevimba. Mpe mpaka Jumamosi."

"Mwanangu, mimi nimelea watoto saba. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Hilo halijafa, mama. Limefukiwa."

Akakaza kanga yake kiunoni. "Jumapili ni Jumapili," akasema, akaondoka.

Usiku huo sikulala vizuri. Niliogopa, nasema wazi. Kama nta isingetoka Jumamosi, nilikuwa nimemwongezea binti wa watu ushahidi wa kumfukuzia.

Jumamosi nilichemsha bomba na beseni mapema. Nikachovya kiwiko. Nikachovya tena. Atupele akakaa kitini, Tumaini mgongoni amelala, taulo begani. Maji hayaelekezwi moja kwa moja kwenye ngoma. Unayaelekeza juu kidogo na nyuma, yapite pembeni, yazunguke nyuma ya nta na kuisukuma nje. Bomba la kwanza, maji matupu. La pili yakatoka ya njano. La tatu likatoka donge jeusi ukubwa wa punje ya kahawa, likadondoka kwenye beseni, na ndani yake vinyweleo vyeupe vya unyoya. Nilipomaliza sikio la pili Atupele alishtuka, akashika meza.

"Nini hiyo inayolia?"

"Kuku, nje."

Akatulia, akasikiliza. Kisha akageuza shingo kuelekea mgongoni kwake. "Kumbe mtoto wangu anakoroma," akasema. Alilia yeye, nikalia na mimi, na Mfawidhi alipoingia kuuliza kuhusu foleni alifunga mlango taratibu akarudi alikotoka.

Jumapili nilikwenda bila kualikwa. Wazee sita walikuwa wamekaa barazani kwa Mzee Swila, na Ambwene, mume, amesimama pembeni ameinamisha kichwa. Kina mama walikuwa upande wa jikoni. Atupele alikuwa uani chini ya ukuta, mahali asipoonekana kutoka kwenye kiti cha baba mkwe, Tumaini kando yake, mgongo ameugeuzia njia, anachambua maharage kwenye ungo. Niliomba ruhusa ya kusema, nikaeleza nta ni nini, nikafungua kitambaa nikawaonyesha lile donge. Mama Ambwene alisogea, akaliinamia, akavuta kinyweleo kwa kucha.

"Huyu ni kuku wangu mweupe," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya Alhamisi.

Wazee wakaguna. Mmoja akasema donge ni donge, wao wanazungumzia heshima. Mzee Swila alisimama, akachukua fimbo yake, akapita upande wa nyuma wa nyumba akatokomea kwenye vichanja vya kahawa. Tulidhani ameenda kujisaidia. Tukakaa.

Kisha, kwa mbali kabisa, kule njia inapoachana na barabara, kikasikika kikohozi. Kimoja tu, tena kidogo, cha mtu anayesafisha koo.

Atupele akaweka ungo chini. Akamwinua Tumaini, akajifunika kanga kichwani, akatembea kwa hatua za kawaida mpaka nyuma ya jiko. Hakuna aliyemwambia chochote. Maharage yakabaki peke yake uani.

"Amesikia kabla yangu," akasema yule mzee wa donge.

Mzee Swila akaingia uani, akaupita ule ungo, akaketi mahali pake. "Kikao kimekwisha," akasema. "Chakula kiko wapi?"

Nawaambieni, nimepewa vyeti na barua za pongezi, lakini hakuna kauli ya mkubwa yeyote iliyonifurahisha kama ile. Jumatatu Mama Ambwene alileta kuku zahanati, yule mweupe mzimamzima, akasema ni bora aliwe kuliko kuchokonoa watu masikio. Tulimla na Mfawidhi.

Kutoka Igamba nilipelekwa bonde la Momba, kwenye joto na ng'ombe. Huko shida haikuwa nta sana, ilikuwa wadudu. Mfugaji analala jirani na zizi, kupe wa ng'ombe au mende anaingia sikioni, naye anamwaga mafuta ya taa. Niliwafundisha hivi: mdudu hatolewi akiwa hai, anazamishwa kwanza kwa mafuta ya kula akafa, ndipo unakuja kwetu kumtoa. Baadaye nilifanya kazi Nanyala, halafu Mlowo, ambako nilikaa mpaka mwisho. Muuguzi Mkuu wa Wilaya alipokuja kukagua aliwahi kufungua daftari langu akashangaa. "Eda, zahanati nyingine zina malaria, wewe una masikio?" Nikamjibu malaria ipo pia, ila masikio yananifuata. Maduka ya dawa nayo yalikuwa yamejaa kila kona ya Mlowo, matone ya kila aina, na vijiti vya pamba vinauzwa hadi kwenye mabasi. Wateja wangu hawakuwahi kupungua.

Nilistaafu nikiwa na miaka sitini. Mganga Mkuu wa Wilaya alitoa hotuba ndefu, akanikabidhi jora la kitenge, na nesi mmoja kijana akaniuliza ninaondoka na funzo gani kubwa. Nilisema kusubiri. Watu walicheka, maana walinijua. Mimi sikuzaliwa na subira, niliazima tu, kila mgonjwa kwa zamu yake, na nashukuru nimefika mwisho nikiwa nayo kidogo.

Wiki chache baadaye nilikwenda Igamba kumsalimia Atupele. Alikuwa mama mtu mzima sasa, Tumaini ameolewa Tunduma, Mama Ambwene ametangulia mbele za haki. Ambwene alikuwa ananunua mazao Mlowo, anarudi nyumbani mwisho wa wiki. Nikauliza, "Baba mkwe hajambo?"

Atupele akaweka sufuria chini. "Mama, baba amejifungia ndani. Mwezi wa pili huu."

"Anaumwa?"

"Hanisikii. Tangu mama afariki mimi ndiye ninayezunguka uani kutwa, kwa hiyo nikitoka kisimani nakohoa ili ajue nakuja. Tumekutana uso kwa uso mara mbili. Aliingia ndani, hatoki tena mchana. Anamwambia Ambwene ni uzee, anamsubiri Bwana."

Niliingia kwa mzee na tochi. Alikuwa amekonda, amekaa kitandani dirisha limefungwa, mtu aliyejifunga mwenyewe ili asimvunjie mkwe wake heshima. Nilimpigia kelele yale maswali ya Tunduma, yote akajibu hapana. Nikamvuta sikio juu na nyuma. Jeusi tii. Ambwene alikuwa amejaribu kumsaidia baba yake, kwa njiti ya kiberiti.

"Baba!" nikamwambia sikioni. "Si uzee! Ni nta! Unahitaji mafuta asubuhi na jioni, siku tano!"

"Nani atanitia?"

Mimi nakaa Mlowo. Ambwene hayupo katikati ya wiki. Nyumba nzima alikuwepo mtu mmoja anayejua kazi ile, amesimama nje ya mlango, na kwa zaidi ya miaka thelathini hakuwahi kumtazama huyu mzee usoni kwa kusudi. Mzee akafahamu ninachofikiri. Alikaa kama hakimu, fimbo katikati ya magoti.

"Mila imekataza uso," akasema hatimaye. "Sikio liko pembeni."

Akageuza kiti akaukabili ukuta. Nikatoka kumwita Atupele. Aliingia amejifunika kanga, ameinama, akasimama nyuma yake. Chupa aliishika kiganjani, akaifumba kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumfundisha mtu yeyote. Mzee akainamisha kichwa upande, na tone la kwanza likadondoka.

"Yana joto zuri," mzee akauambia ukuta.

Siku ya sita tulimpeleka zahanati. Nesi wa pale alikuwa binti mdogo kabisa, nami niliapa kufunga mdomo. Akajaza beseni. Bila kuambiwa na mtu, akachovya kiwiko. Sikumuuliza alifundishwa na nani, na machozi yangu nilisingizia vumbi.

Tulirudi nyumbani, mimi na mzee tukakaa barazani juani. Alikuwa anasikiliza kila kitu, mbuzi wa jirani, pikipiki barabarani, majani ya migomba, na kila kimoja ananitajia kama mimi ndiye kiziwi. Atupele alikuwa amekwenda kisimani. Ghafla mzee akainua kichwa. Mimi sikuwa nimesikia kitu.

"Anakuja," akasema.

Ndipo nami nikakisikia, kule chini njiani, kikohozi kimoja kidogo. Mzee Swila akachukua fimbo yake, akainuka kwa shida akitabasamu kama bwana harusi, akazunguka taratibu mpaka nyuma ya nyumba. Atupele akaingia uani na ndoo yake kichwani. Alipoona kiti kitupu alisimama, akanitazama kwa hofu. Nikamwonyesha kwa kidole kule nyuma.

Akashusha ndoo, akafunika mdomo kwa kanga. Na nyuma ya nyumba mzee akakohoa, kumjibu.